Barua Iliyokuwa Ndani ya Kitabu



Sifa zote njema ni za Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala), na Rehma na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi wetu wapenzi, leo tunataka kuzungumza jambo tulilolibeba kifuani kwa miaka 12. Lililotufungua mdomo ni kitabu cha hadithi.

Mwezi uliopita, hapa nyumbani kwetu Buyenzi, Bujumbura, mama watoto alikuwa akitandika vitanda, akakuta riwaya chini ya godoro la binti yetu wa miaka 16. Ilikuwa ni Rosa Mistika ya marehemu Euphrase Kezilahabi. Rafiki yake wa shule alikuwa ameletewa na shangazi yake kutoka Kigoma. Katikati ya kurasa mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama watoto akatuwekea kitabu mkekani, akaondoka bila ya kusema neno. Kimya chake tulikifahamu.

Jina la kitabu tulikuwa tukilijua. Kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni huko Tanzania, kabla ya kuja kusomeshwa. Hatukuwahi kukisoma. Tukasema, kabla ya kuifungua karatasi hii, na tujue kwanza mtoto anasoma nini. Baada ya Swala ya 'Ishaa tukakaa na taa, na adhana ya Alfajiri ikatukuta bado tunasoma.

Kisa chenyewe ni cha Rosa, msichana wa Kikristo wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria. Baba yake, Zakaria, ni mlevi. Mama, Regina, anapigwa na kuvumilia. Siku moja baba anagundua kuwa Rosa ameandikiwa barua na kijana aitwaye Charles. Hamuulizi kitu cha maana, anampiga kipigo kikali. Baadaye Rosa anakwenda shule ya bweni, mbali na jicho la baba. Mwanzo anawaogopa wavulana. Kisha anapotea kabisa, kwani alifundishwa kuogopa fimbo tu, na fimbo haiko tena. Charles anarudi baadaye kutaka kumuoa, lakini anamuacha akijua yaliyopita. Mwisho Rosa anajiua.

Hatusemi kitabu hiki wapewe watoto wadogo. Kina mambo ya aibu ndani yake. Lakini tulipofika penye barua tulishindwa kuendelea kwa muda, maana mkono ule tuliujua. Ulikuwa mkono wetu.

Miaka 12 iliyopita tulikuwa na mwanafunzi wa kike katika madrasa yetu, amehifadhi kuanzia Juzuu 'Amma mpaka amefika Suuratu Yaasiyn. Tukamkamata na barua ya kijana wa mtaani. Ndani yake mlikuwa na salamu, na kusifu sauti yake anapoisoma Qur-aan, basi. Sisi tuliisoma kwa sauti mbele ya darasa zima, kisha tukamchapa bakora. Baba yake alikuja kutushukuru. Binti hakurudi madrasa tena. Tulijiambia tumelinda dini.

Ndugu zetu, Qur-aan tunayowasomesha watoto imetueleza habari za mzee wa Madyan. Binti yake alimwendea Nabii Musa ('Alayhis Salaam) kwa hayaa, kumfikishia mwito wa baba. Kisha mmoja wa mabinti wale akamshauri baba yake amuajiri kijana yule kwa kuwa ana nguvu na ni muaminifu. Mzee hakuinua fimbo. Alimgeukia kijana, akamtajia ndoa waziwazi, na mahari yake kazi ya miaka 8, na akitimiza 10 ni kwa hiari yake. Aayah hizi za Suuratul-Qaswasw tumezisomesha mara ngapi! Hatukuwahi kujiuliza kwa nini binti yule aliweza kusema mbele ya baba yake.

Na kijana aliyemjia Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kuomba ruhusa ya zinaa, Swahaba walimkaripia. Mtume alimsogeza karibu, akamuuliza kama angelipenda hilo kwa mama yake, kwa binti yake na kwa dada yake, kisha akamuwekea mkono na kumuombea du'aa. Haramu ilibakia haramu, na kijana hakufukuzwa.

Asubuhi ile tulimwita binti. Tukamrudishia kitabu, na karatasi ikiwa imekunjwa vilevile. Akaitazama, akatutazama, machozi yakamtoka. Tukamuuliza, "Mwanangu, kwa nini hukutuambia?"

Akasema, "Baba, mtaa mzima unajua ulivyomfanya yule dada wa madrasa."

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tu kwamba tulikosea.

Kisha tukazungumza mpaka jua likapanda. Tulimwambia kuwa kupenda hakukuumbwa na shetani, lakini faragha na maneno ya siri humfungulia mlango. Kama kijana ana nia, na aje na wazee wake abishe hodi. Kama bado anasoma, basi naye binti asome, wasubiri, na barua zikome. Alikubali kwa kichwa. Moyoni mwake yumo nini, Allaah ndiye Ajuaye. Kijana hajabisha hodi mpaka leo, na kuna siku tunamuona binti amenyamaza mno. Lakini juzi alikuja mwenyewe kukaa nasi barazani, na hilo halikuwa likitokea.

Barua hatukuisoma. Alimpa mama yake.

Na wewe mwanafunzi wetu wa zamani, tumeambiwa sasa una watoto wako. Kosa tulilifanya mbele ya watu, na mbele ya watu tunakuomba radhi. Tuliichukua barua yako na tukakupotezea Suuratu Yaasiyn. Ukipenda kuendelea pale ulipoachia, mke wetu husomesha wanawake kila Jumamosi baada ya Swala ya Alasiri, na mlango uko wazi.

Wabillaahi tawfiyq.