Mama Mdogo Aliye Mbele ya Motokari



Marehemu baba yangu alikuwa shofere hapa Lubumbashi. Ukutani mwa nyumba yetu alibandika picha ya kalenda ya zamani: motokari nyeusi ya Uingereza, Rolls-Royce Silver Shadow. Hakuwahi kuiendesha, hata kuigusa. Lakini siku ya Yenga, bukari ikiwa bado motoni, alitufundisha habari zake kama mwalimu. Ilitengenezwa katika mji wa Crewe kuanzia 1965 mpaka 1980. Zile za mbele yake zilikuwa na chesi peke yake na bodi peke yake. Hii ilikuwa ya kwanza ya kampuni hiyo ambayo chesi na bodi ni kitu kimoja. Magurudumu yote manne yalikuwa na breki za diski. Na hata watu wazito wakikaa nyuma, mafuta ya haidroliki yaliinyanyua ikae sawa.

Mimi sikusikiliza mambo ya breki. Nilitazama yule mama mdogo wa chuma pale mbele, ameinama kidogo, nguo yake inapepea kama mabawa.

“Baba, huyu ni nani?”

“Huyo ni wa kupamba tu, mwanangu.”

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikasoma habari zake. Wanaume wawili wa motokari ile wanajulikana: Charles Rolls, mtoto wa matajiri, na Henry Royce, aliyeuza magazeti akiwa mtoto baada ya kufiwa na baba. Walikutana Manchester mwaka 1904, na majina yao yameandikwa pale mbele. Jina la mama halikuandikwa.

Wengi wanasema sanamu ile ilifuata sura ya Eleanor Thornton. Alikuwa sekretere wa John Montagu, mtu wa ukoo mkubwa aliyetoa gazeti la habari za motokari. Montagu alikuwa na mke nyumbani. Mwaka 1903 Eleanor alimzalia binti, na mtoto akapelekwa kulelewa na watu wengine. Mchongaji Charles Sykes, aliyefanya kazi kwa gazeti hilo, alimchongea Montagu sanamu ya kuweka kwenye motokari yake: mwanamke ameweka kidole mdomoni. Iliitwa Mnong’ono. Mwaka 1911 Sykes akaichongea Rolls-Royce ile tunayoijua.

Tarehe 30 Desemba 1915, wakati wa vita, Eleanor alikuwa na Montagu katika meli Persia, wakienda India. Nyambizi ya Ujerumani iliipiga karibu na kisiwa cha Krete. Watu zaidi ya 300 walikufa. Montagu aliokoka. Eleanor hakuonekana tena.

Niliposoma kwamba mtoto alipelekwa kwa watu wengine, nilifunga kitabu. Sasa niwaambie sababu.

Nilizaa nikiwa na miaka 17, bado niko masomoni. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa ameolewa Likasi bila kupata mtoto, alimchukua binti yangu akiwa na wiki tatu. Alimlea vizuri, namshukuru mpaka leo. Lakini mtoto alikua akimwita yeye mama, na mimi akaniita mama mdogo. Alinisalimu kwa adabu, nikampa biskuti, akarudi kucheza. Miaka 19 ilipita hivyo.

Katika Silver Spirit, iliyofuata mwaka 1980, sanamu ile ilifungwa kwa springi: ukiigonga, inazama ndani. Mimi nami nilikuwa hivyo. Mtu akigusa habari ya mtoto yule, nilizama.

Nilienda Likasi. Kwanza niliongea na dada, tukalia wote wawili. Kisha tukamwita binti, tukamwambia pamoja. Hakulia. Aliuliza neno moja tu: “Siku zote zile ulizokuja, ulikuwa unajua?” Nikajibu ndiyo. Akatoka nje. Miezi sita hakupokea simu yangu.

Mwezi uliopita alikuja Lubumbashi. Bado ananiita mama mdogo, na sikumkataza. Aliona ile picha ya baba ukutani, karatasi imekuwa ya manjano, akauliza swali lilelile nililouliza mimi: huyu ni nani? Safari hii nilimjibu vizuri, kwa jina. Tuliongea mpaka makaa yakazimika.

Wamama, dada zangu, kama kuna mmoja kati yetu anayebeba siri ya mtoto, asingoje mpaka meli izame. Aanze na yule aliyemlea, waende pamoja. Mtoto anaweza kukasirika. Lakini ana haki ya kujua aliyemzaa, hata kama jina la “mama” litabaki kwa mwingine.