Taruma la Saba

Mashua ya mwisho ya mjomba wangu bado imekaa juu ya magogo, chini ya mwembe, hatua chache kutoka ukingoni mwa mto. Mkuku umelala, fashini zimesimama mbele na nyuma, mbao za chini zimekwishagongwa pande zote mbili. Mataruma ni sita tu. Mjomba alifariki mwaka jana kabla ya masika, na hadi tunamsomea khitma ya arobaini hakuna aliyethubutu kuongeza hata msumari.

Mwenye mashua alikuwa amekwisha kulipa nusu. Hakugomba. Alikuja akatoa pole, akakaa nasi mkekani, na baada ya wiki kadhaa akarudi na fundi mwingine kutoka upande wa Mafia. Yule fundi alivua kandambili, akaingia ndani, akayapapasa mataruma kwa kiganja, kisha akafumba jicho moja akatazama kutoka tezi hadi omo. Alikaa kimya muda mrefu.

"Hii alikuwa anaijua mwenyewe," akasema. "Mimi sioni alikuwa anaelekea wapi."

Hapakuwa na mchoro, wala haujapata kuwapo. Mjomba hakumaliza darasa la nne. Kipimo chake kilikuwa shibiri, kamba yenye mafundo, na jicho. Tezo yake nimeirithi mimi, ambaye siwezi kuitumia. Mpini wake umelika pale alipozoea kuushika, na vidole vyangu havikai katika mabonde yale.

Delta yetu ya Rufiji ina hekta zipatazo 50,000 za mikoko. Kwa vizazi na vizazi majahazi yameingia katika midomo ya mto huu kupakia miti: boriti, mazio, pau. Boriti za huku zimebeba dari za nyumba za Unguja na Uarabuni. Biashara ile ilitaka mti ulionyooka, na uliopinda uliachwa pale pale matopeni. Mjomba aliutafuta huo uliopinda. Taruma la mashua huwezi kulipinda kwa nguvu likadumu. Hulikuta limekwisha kupinda lenyewe, kwenye kiungo cha mlilana ambako tawi limeachana na shina. Maji yalipokupwa alitembea matopeni, mikono mgongoni, akitazama juu. Kuna tawi alilitazama miaka miwili. "Lile la tezi hilo," aliniambia, "liache lishibe kwanza." Mashua yenyewe wakati huo haikuwa na mwenyewe wala mbao. Siku ilipoagizwa alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mti ule, na kibali cha kukata kikiwa mfukoni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, huku Kibiti. Tangu niliporudi na cheti, Mjomba aliacha kuniita mpwa, akaniita Mwalimu, mbele za watu na hata tulipokuwa wawili. Siku moja nilimsimulia kisa cha mtoto wa visiwa vya delta anayeishi hapa mjini kwa shangazi yake. Nilikuwa nimetunga jaribio, na swali moja liliuliza mto hutiririka kuelekea wapi. Jibu lilikuwa baharini. Mtoto hakuchagua herufi yoyote. Aliandika pembeni kwa penseli: *inategemea maji yanajaa au yanakupwa*. Nikamtia kosa.

Nilidhani Mjomba atacheka. Aliweka tezo chini.

"Sasa amekosa nini?"

Nikaeleza kwamba maswali ya kuchagua ya mtihani wa darasa la saba husahihishwa kwa mashine, kwamba mtoto anapaswa kusiliba herufi moja tu, na kwamba mashine haisomi maandishi ya pembeni. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaokota tezo yake, akaendelea kuchonga. Hakulirudia swali lile, wala mimi sikulijibu. Kila mtu anayesafiri kwa mtumbwi kutoka visiwani hadi Nyamisati anajua kwamba mto huu una safari mbili kwa siku. Mkulima wa mpunga huko chini anajua pia, kwa sababu maji yakijaa bahari inausukuma mto urudi nyuma hadi mashambani mwake. Mtoto aliujua mto wake. Nilikuwa namfundisha aache kuutazama.

Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule zinamzoesha mtoto kuamini kuwa maarifa ya maana yamo vitabuni au kwa waliosoma tu, hata akadharau wanayoyajua wazee wake. Nilisoma hayo chuoni, nikayajibia mtihani, nikafaulu. Mitaala mipya iliyoanza kutumika 2024 imeleta mkondo wa amali katika sekondari, nami naufurahia kwa dhati, maana mikono ya watoto wetu imekaa bure muda mrefu mno. Lakini nina hofu. Hata karakana inaweza kufundisha kunakili: wanafunzi arobaini, viti arobaini, vyote sawa na kile cha mwalimu. Kushika randa kunafundishika kwa muhula mmoja. Kuusogelea mti uliopinda na kujiuliza unaweza kuwa nini, hilo linataka mtu wa kukuacha utazame bila kukuharakisha, na atakayesimama nawe hapo matopeni hadi uone. Mtu huyo nilikuwa naye, tena ndugu wa damu. Kila likizo nilimletea magazeti na sukari, nikakaa kwenye gogo nikimsomea habari, yeye akifanya kazi.

Lile jaribio nimelihifadhi. Mtoto yuko darasa la saba sasa na anasiliba vizuri sana, herufi moja, kivuli kisichotoka nje ya mstari.

Baada ya arobaini, binamu yangu aliniambia kwamba Mjomba alikuwa amekwisha kuliona taruma la saba. Alilitaja akiwa kitandani: mlilana, upande wa kusini wa mkono wa mto, karibu na pale tulipozoea kufunga mtumbwi. Tukaenda maji yalipokupwa. Tulitembea matopeni asubuhi nzima, mikono mgongoni, tukitazama juu. Kila mlilana ulikuwa umepinda. Kila mlilana ulikuwa na tawi lililoachana na shina. Binamu akaonyesha moja, mimi nikaonyesha jingine, tukatazamana. Kisha maji yakaanza kupanda, mto ukageuka kurudi bara, tukaingia mtumbwini mikono mitupu.