Nyota Iliyozimikia Njiani

Mwaka 1963 Pongwe yetu ilikuwa mkonge mtupu. Kiwanda cha saruji kilikuwa bado, na korona, mashine ya kuchakata mkonge, ikishanyamaza jioni, kambi nzima ya manamba ilibaki na vibatari. Giza lile lilitufaa. Nyota moja kubwa ilikuwa ikichomoza upande wa Milima ya Usambara, ikapita juu yetu bila mlio wala kumetameta, ikielekea baharini.

Ilikuwa Echo 1, puto la Wamarekani lenye upana wa mita 30, lililorushwa Agosti 1960. Plastiki yake ilipakwa alumini ili mawimbi ya redio yaigonge na kurudi duniani. Mwanga wa jua nao ulirudi vivyo hivyo. Hayo niliyajua baadaye. Kambini walisema inatokea Unguja, maana Wamarekani walikuwa na mtambo kule Tunguu wa kufuatilia vyombo vyao vya Mercury. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, mtambo ukaamriwa uondoke. Nyota ikaendelea kupita, na wajuzi wetu wakatafuta mazungumzo mengine.

Mimi nilisumbuliwa na jambo jingine: baharini haikuwa ikifika. Ilipita utosini, ikafifia, ikazimika katikati ya anga jeupe lisilo na wingu. Alfajiri mambo yaligeuka, ikawaka ghafla ikiwa imeshapanda juu.

Jibu nililipata kwenye foleni ya bomba la maji. Kambini jua halijafika bado, lakini vilele vya Usambara vimeshapigwa na jua, vyekundu. Kumbe kilicho juu huwahi kulipata jua asubuhi, na jioni huchelewa kuliaga! Sasa puto lililo zaidi ya kilomita elfu moja juu, je? Likitokea milimani liko juani bado. Likisogea mashariki, usiku unalifunika.

Nikamkimbilia mzee mmoja wa Kigoma, mwanikaji wa singa za mkonge, mshindani wangu wa kila jioni katika mabishano juu ya nyota ile.

“Babu, haizimwi na mtu. Inaingia kivulini.”

“Kivuli cha nini?”

“Cha dunia hii tuliyoikalia.”

Akatazama milima, akatazama upande wa bahari, akakubali. Habari ya puto nilimpelekea miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeshasoma.

“Puto gani hilo, mwanangu, miaka yote hii halijapasuka?”

Lilishuka likaungua Mei 1968. Kivuli alikiafiki, puto alilikataa mpaka anapanda gari moshi kurudi kwao.