Raba za Milango

Baba alinipigia simu Jumapili ya mwisho ya Juni 2025 akaniuliza kama raba za milango ya Peugeot 504 bado zinapatikana Dar es Salaam. Nilidhani umri umeanza kumchezea. Kwa miaka yote niliyolijua lile gari, milango yake haikuwahi kuwa na raba za maana, na hakuna aliyewahi kulalamika. Au niseme hivi: aliyekuwa na haki ya kulalamika hakulalamika.

Ni ile stesheni wagoni ndefu yenye safu tatu za viti. Watu wa umri wake huiita Pijo. Aliinunua mwaka 1992 kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, enzi hizo baba akifundisha Jiografia. Mpaka leo ukimpa nafasi atakukumbusha kwamba Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 na 504, na Jean-Pierre Nicolas akashinda ya 1978, naye huyataja majina hayo kama wenzake wanavyowataja wachezaji wa Yanga. Siku hizi gari linakaa chini ya mwembe nyumbani kwetu Butimba. Kuku wanataga kwenye buti.

"Unataka kwenda nalo wapi, baba?"

"Kwa mama yako. Daraja si limefunguliwa?"

Mama amezikwa kwao, upande wa Sengerema. Alifariki Agosti 2024, kwa kiharusi. Tulimvusha kwa kivuko cha Kigongo, na pembeni yetu daraja lilikuwa limesimama majini, bado halijaanza kupitisha magari. Lina urefu wa kilomita 3. Alilisubiri miaka yote ile likijengwa, kila tukivuka anahesabu nguzo. Kumbukumbu ya mwaka mmoja ilikuwa inakaribia, na baba alitaka kwenda na Pijo, si kwa basi, si kwa gari la kukodi.

Dar sikupata kitu. Muuza spea mmoja aliniuliza 504 ndiyo simu gani. Nikachukua likizo ya wiki mbili, nikaja Mwanza mikono mitupu.

Kabla ya hapo sikujua kuwa raba ya mlango ni somo zima. Nilipojaribu kuisoma mtandaoni nilikuta wazee wa Uingereza na Ufaransa wanaopambana na baridi na mvua inayovuja miguuni. Sisi hatuna shida hiyo. Adui yetu ni vumbi, na kwa watu wa ufukweni kama Butimba, wale wadudu wa ziwani wanaonyanyuka majini asubuhi kama moshi, kisha unawakuta wamekauka hadi ndani ya dashibodi. Raba za Pijo zilikuwa zimegeuka kama kamba ya katani: ngumu, bapa, zimepasuka kwenye kona. Kwenye mlango wa buti hazikuwepo kabisa. Pale baba aliwahi kubandika tyubu ya baiskeli kwa gundi ya fundi viatu, nadhani nikiwa darasa la pili.

Mjini tulipata raba ya kuuzwa kwa mita, ile yenye bomba laini upande mmoja na meno ya kung'ata bati upande wa pili. Swali likawa unene. Ukinunua nyembamba haigusi, ukinunua nene mlango haufungi. Baba aliingia jikoni, akamwomba dada kipande cha unga wa chapati, akakifunga kwenye nailoni. Tukakiweka pembeni ya mlango, tukafunga taratibu, tukafungua, tukapima unene uliobaki kwa rula. Tulifanya hivyo sehemu sita kwa kila mlango. Dada alisema tukimaliza gari tumnunulie unga mwingine, na sidhani kama alikuwa anatania.

Kuvua zile za zamani kulichukua siku mbili. Gundi ya miaka thelathini haitoki kwa maneno mazuri. Ni petroli, kisu butu na kucha. Chini yake palikuwa na kutu, tukapiga msasa hadi bati likaonekana, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukaacha ikauke. Hapo ndipo nilipotaka kufanya ujinga. Chini ya kila mlango kuna matundu madogo, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na silikoni mkononi, nikaanza kuyaziba. Baba alinishika mkono. Maji ya mvua huteremka kwenye kioo yakaingia ndani ya mlango. Yale matundu ndiyo njia yake ya kutokea. Ukiyaziba, mlango unaoza kutokea ndani huku nje unang'aa.

Kuvalisha raba mpya ni kazi ya subira tu. Unaanzia chini, ili kiungo kikae mahali ambapo maji hayasimami juu yake. Huivuti. Hilo baba alilirudia mpaka nikachoka: ukiivuta itakuridhisha leo, lakini itajirudi, na baada ya mwezi utakuta imeacha pengo. Kwenye kona unaisukuma kidogo ijikusanye. Mwisho unaikata kwa wembe ikiwa imezidi kidogo, unaibana ikutane yenyewe kwa yenyewe. Milango ikawa migumu kufunga, tukalazimika kusogeza vishikio vya kitasa nje kidogo, tukajaribu, tukasogeza tena.

Kisha ikaja chaki. Baba bado ana maboksi mawili ya chaki kabatini, sijui anamwekea nani. Unapaka chaki kwenye raba, unafunga mlango, unafungua. Palipohamia alama nyeupe kwenye bodi, raba inagusa. Palipobaki pasafi, vumbi litapita. Usiku tulifanya jaribio la pili. Yeye aliingia ndani na tochi, akafunga milango yote, mimi nikabaki nje gizani. Akawa anaisogeza tochi polepole kandokando ya milango, nami nagonga bati kila ninapoona mwanga. Mlango wa dereva, giza. Wa abiria, giza. Alipofika nyuma kabisa, alikaa kwenye safu ya tatu, na mlango wa buti ukatoa mstari mwembamba wa mwanga upande wa kushoto, chini. Nikagonga. Hakutoka. Nilimwona kupitia kioo amekaa tu, tochi imelala mapajani.

Ile safu ya tatu ilikuwa ya mama. Mbele alikaa babu au mgeni, katikati tulijazana watoto, na mama nyuma, na mizigo, khanga puani. Alikuwa na pumu. Tukiacha lami vumbi lilikuwa likiingia kule nyuma mpaka nyusi zake zinakuwa na rangi ya barabara, na tukishuka tulimcheka, naye alicheka. Halafu usiku tulimsikia akikohoa.

Siku ya pili yake tulirudi kwenye ile kona ya kushoto. Nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimesoma na nilitaka ajue nimesoma, kwamba kona hiyo ndiyo muhimu kuliko zote. Gari lenye mgongo wima likikimbia linaacha nyuma yake sehemu yenye hewa pungufu, na vumbi linazunguka kuja kuijaza. Likikuta upenyo kwenye mlango wa buti, linaingia. Na ukifungua vioo vya nyuma unazidisha, maana upepo unaopita nje unavuta hewa itoke ndani, na ndani kukiwa na upungufu, vumbi linafyonzwa. Dawa ni kufunga vioo vya nyuma na kufungua matundu ya hewa ya mbele, ili ndani kujae na hewa isukume kwenda nje.

Nilikuwa naongea na mtu aliyefundisha miaka thelathini na mbili kwamba hewa hutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo. Alikuwa akiwapeleka wanafunzi ufukweni waone upepo wa ziwa ukigeuka jioni.

Aliweka wembe chini.

"Nilikuwa nafungua vioo," alisema.

Ni kweli. Nakumbuka sauti yake: fungueni vioo huko, mama yenu apate hewa. Tulivizungusha mpaka mwisho, sisi wenyewe, kila safari.

Nilianza kusema kwamba daktari hakuwahi kutaja gari, kwamba mama alifariki kwa presha na si kwa pumu. Yote ni kweli. Baba aliitikia "ndiyo, ndiyo" kama anavyoitikia watu msibani, akaokota wembe, akaendelea kukata. Nilitamani nirudishe yale maneno. Mpaka leo sijui kama alikuwa hajui, au alikuwa anajua kwa muda na alitaka raba ndiyo maana. Sijamuuliza.

Tulisafiri Agosti, kiangazi kimekolea. Nilimfungulia mlango wa mbele, akapita, akaenda kupanda nyuma. Ana miaka sabini na nne na magoti yake si ya safu ya tatu. Dada akasema, "Baba, utaumia huko." Akajibu kwamba dereva hapangiwi na abiria, na abiria naye hapangiwi na watoto. Nyegezi, Buhongwa, Usagara, vyote vikapita, nikamwona kwenye kioo amekaa wima. Darajani hakusema kitu. Niliendesha taratibu kuliko ilivyohitajika, na nadhani alikuwa anahesabu.

Tulipoacha lami nilifunga vioo vyote na kufungua matundu ya mbele. Joto lilikuwa la kuoka. Nyuma yetu vumbi lilisimama kama ukuta, sikuona chochote kwenye kioo ila yeye. Hakuwa na kitambaa puani. Alikuwa anavuta pumzi kwa kusudi, unaona kabisa kifua kinapanda.

Tulisimama mita chache kabla ya kwa wajomba. Nikazunguka kufungua mlango wa buti. Shati lake lilikuwa jeupe bado. Kiti kilikuwa safi, mizigo safi, mashada ya maua safi. Kwenye kona ya kushoto, chini, palikuwa na mstari wa vumbi mwembamba, urefu wa kiganja.

Baba aliupitisha kidole, akakitazama. Kisha akatoa kipande cha chaki kwenye mfuko wa shati, akainama kwa shida, akatia alama mbili kwenye bati, mwanzo na mwisho wa pengo.

"Tukirudi," alisema, akanipa mkono nimsaidie kushuka.