Maji Yenye Kuta

Sisi watu wa Turiani hatuendi kuyatafuta maji. Maji ndiyo yanayotujia. Milima ya Nguru imesimama nyuma ya nyumba zetu, na mawingu yatokayo baharini yakifika hapo huutua mzigo wao. Kutoka huko juu hushuka mto Diwale na vijito vingi visivyo na majina makubwa, vikapita kwenye mpunga na kwenye miwa ya Mtibwa, kisha maji yote yakaingia Wami na kwenda zake. Mtoto wa Turiani huijua sauti ya mto kabla hajalijua jina la kijiji chake. Lakini kuijua sauti ya mto siyo kuujua mto wenyewe. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Nyumbani kwetu mto ulikuwa ni jambo la kutajwa kwa sauti ya chini. Masika ya mwaka 1974 mdogo wangu aliyenifuata, mtoto wa miaka 9, alichukuliwa na maji alipokuwa akivua samaki na wenzake. Wanaume wa kijiji walitafuta kwa siku saba, wakashuka na ukingo hadi karibu na Wami, wasimwone. Tukakaa matanga bila ya kaburi. Matanga yalipoanuliwa, mama akaweka sheria moja: mtoto wa nyumba hii haogi mtoni. Tulioga kwa ndoo, na maji ya ndoo hiyo aliyachota yeye mwenyewe, maana hakutaka hata tukanyage tope la ukingoni. Sheria ile ilitulea sisi, ikafika kwa watoto wetu. Ikawa ukoo mzima unaishi hatua chache tu kutoka mtoni, na hakuna hata mmoja ajuaye kuogelea.

Juni 1999, watoto wakiwa likizo, mke wangu alitaka twende Unguja kuwaona jamaa zake. Nilijua mama atakataa kusafiri majini. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu meli ya MV Bukoba izame katika Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996, na yeye alikuwa amezisikiliza taarifa zile zote redioni bila kusema neno. Lakini hakukataa. Aliuliza swali moja tu.

"Wami nao unafikia huko?"

Nikamweleza kwamba Wami unaingia baharini upande wa bara, kati ya Bagamoyo na Saadani, na kwamba Unguja iko ng'ambo yake.

"Basi nami nitakwenda," akasema.

Tukapanda basi alfajiri, tukala vumbi la njia ya Magole, na tulipofika Dakawa tukavuka daraja la Wami. Mama alisogea dirishani. Nikamwambia kwamba maji ya Diwale bado hayajaingia hapa, mito hiyo inakutana huko chini zaidi. Akajibu, "Najua," bila ya kugeuka. Ndipo nilipotambua kwamba miaka yote hiyo alikuwa ameuliza watu, akaichora njia ya mto ule kichwani mwake hatua kwa hatua, hadi pale alipokosa wa kumuuliza.

Bahari ilikuwa na kusi. Tulitapika wote isipokuwa yeye.

Siku ya pili mwenyeji wetu alitupeleka Maruhubi, kiasi cha kilomita nne kaskazini ya Mji Mkongwe, pwani kabisa. Hapo Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, alijenga jumba la masuria wake mwanzoni mwa miaka ya 1880. Moto uliliunguza mwaka 1899. Tulikuta nguzo nene zilizokuwa zimebeba roshani ya mbao, zimesimama bila kubeba kitu. Tulikuta mabirika makubwa ambamo mayungiyungi yameota, mabaki ya mfereji wa mawe uliokuwa ukileta maji, na vyumba vya hamamu. Marumaru ya hamamu ile iling'olewa na wezi baada ya moto, ikabaki chokaa tupu na mashimo. Watoto walishuka katika birika lililokauka, wakapiga kelele ili kuta ziwarudishie sauti zao.

Binti yangu mkubwa, ambaye wakati ule alikuwa darasa la tano, akatazama upande mmoja akaona bahari, akatazama upande wa pili akaona hamamu. Akauliza: "Baba, maji yote yale yako pale. Kwa nini walijenga bafu?"

Nilianza kumweleza habari za maji ya chumvi na maji baridi. Bibi yake akanikatiza. "Mwenye uwezo," akasema, "hutaka maji yanayomtii."

Nimelifikiria neno lile miaka mingi. Ukiitazama pwani ile ya Unguja utaona kwamba wafalme wake walishughulika sana na jambo hilo. Baba yake Barghash, Sayyid Said, alikuwa na jumba lake Mtoni, mbele kidogo ya Maruhubi. Jina lenyewe linakueleza: ni mahali ambapo kijito huingia baharini, na maji yake yaliingizwa katika hamamu za jumba lile. Binti yake, Sayyida Salme, aliyezaliwa hapo mwaka 1844, alizieleza hamamu hizo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Mwaka 1850 Said alijenga hamamu nyingine Kidichi, kwa ajili ya mkewe Mwajemi. Watu hawa walikaa hatua kumi kutoka bahari isiyo na mwisho, lakini walitaka maji yenye kuta, yenye sakafu unayoiona, maji ambayo ukishusha mguu unajua utakanyaga wapi.

Ni rahisi kusema kwamba hiyo ilikuwa anasa, na kweli ilikuwa anasa, tena iliyojengwa juu ya jasho la watumwa. Lakini haki yake mtu apewe. Barghash huyo huyo ndiye aliyeleta mjini maji ya mfereji kutoka chemchemi za nje, na ndiye aliyejengesha Hamamni, katikati ya Mji Mkongwe, hamamu ambayo raia wa kawaida aliweza kulipa na kuoga. Iliendelea kutumika hadi mwaka 1920. Maana yake ni kwamba maji yenye kuta yanaweza kutoka katika ua wa mkubwa yakawafikia watu. Hilo nililishika.

Tulipotoka magofuni tuliteremka ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa. Fundi mmoja wa majahazi alikuwa akipigilia kalafati katika ubavu wa jahazi bovu. Mama akamwamkia, akaenda moja kwa moja kwenye lililomleta.

"Baba, Wami unatokea wapi?"

Yule fundi hakushangaa. Aliweka chini nyundo yake, akasimama, akanyosha mkono juu ya maji kuelekea magharibi, kushoto ya kisiwa cha Changuu. "Kule, Bi Mkubwa. Ukinyoosha hivi hivi bila kupinda, unaingia mlango wa Wami. Saadani iko juu yake kidogo. Huioni kwa macho, lakini ndiko."

Mama akavua viatu. Akakunja khanga, akaingia baharini hadi magotini, akasimama akiangalia kule alikoonyeshwa. Hakulia, wala hakusema neno la kusikika. Sisi tulibaki mchangani, na fundi naye hakurudia nyundo yake. Sijui alisimama muda gani. Aliporudi alikuwa ameteka maji kwa viganja, akajipaka usoni kama mtu aliyeamka.

Karibu na jahazi lile maji yaliyokupwa yalikuwa yameacha dimbwi pana, kina chake hakizidi kiuno cha mtoto. Mama aliliingia yeye kwanza, akalipima kwa miguu kutoka pembe hadi pembe. Kisha akageuka akawaita wajukuu: "Njooni." Walinitazama mimi, wakamtazama mama yao, hawakuamini. Alimshika mdogo wao kwa mikono miwili, akamlaza juu ya maji.

Jioni, tukiwa kwenye gari la Bububu, akanambia: "Wafundishwe."

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na wengi mno katika hao ni wa nchi kama zetu. Wengi hawafi katika meli zinazotangazwa redioni. Hufa mtoni, kisimani, ziwani, mahali wanapopajua tangu kuzaliwa. Na dawa tuliyozoea kuitoa ni ile ya mama: kukataza. Siidharau, kwa maana ilitufikisha ukubwani. Lakini makatazo hufundisha hofu ya maji, na siku maji yanapokujia mwenyewe, hofu hiyo haikuelezi la kufanya. Mfa maji hutapatapa. Aliyefundishwa hulala chali akangoja.

Tuliporudi Turiani tulimwomba mzee mmoja, mzaliwa wa pwani ya Tanga aliyewahi kuwa makanika kiwandani, awafundishe watoto. Hatukuwa na chokaa ya Barghash wala mfereji wake. Kuta zetu zilikuwa za namna nyingine: mwezi wa Septemba tu, maji yakiwa chini na yanaonekana changarawe, mahali ambapo mto ni mpana na hauna kina, kamba nene kutoka mti hadi mti, na mtu mzima ukingoni, asiyefanya kazi nyingine yoyote. Masika, hakuna ruhusa kwa yeyote. Mwaka wa kwanza walikuja watoto wetu watano. Mwaka wa tatu sikuweza tena kuwajua wote kwa majina, maana majirani walileta wao.

Kaburi la mdogo wangu hatunalo hadi leo. Mama alifariki mwaka 2008, na sidhani kama aliwahi kuusamehe mto ule. Hakuwahi kuniambia hivyo. Lakini kila Septemba alibeba kigoda chake hadi ukingoni, akaketi kwenye kivuli, akahesabu vichwa vya watoto majini kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na akifika mwisho akaanza upya.