Kushuka Ngomo si Kazi ya Freni Peke Yake

Kama umekwisha safiri toka Bukavu kwenda Uvira bila kupita Rwanda, unaujua mlima wa Ngomo. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi, Tanganyika kwenye 770 hivi. Kabla ya kufika Kamanyola barabara inateremka kwa ghafula, kona juu ya kona, na bonde liko wazi pembeni.

Mwaka 2011 nilishuka pale na gari ya kanisa, vijana saba wa kwaya wakiwa nyuma. Nikatoa vitesi, gari ikatelemka bure. Niungame: nilitaka kubakiza pesa kidogo ya mazutu. Nikawa nakanyaga freni tu. Punde harufu ya kuungua ikaingia ndani, na pedali ikazama chini ya mguu bila kushika. Nyuma kwaya walikuwa wangali wanaimba.

Kando yangu aliketi mzee mmoja, shofere wa zamani wa makamio. Akasema kwa sauti ya chini, vijana wasisikie: "Pasta, rudisha vitesi. Ya tatu kwanza. Kanyaga ambreyaji, piga gazi kidogo, ingiza, achia polepole." Motere ikalia, gari ikapunguza. "Sasa ya pili." Tukafika mahali pa tambarare, tukavuta freni ya mkono, tukaweka jiwe nyuma na mbele ya gurudumu, tukangoja.

Pale akanifundisha. Freni ikipata moto sana haishiki tena, lakini motere inaweza kuizuia gari mlima mzima. Basi punguza mwendo na uingize vitesi ndogo ukiwa bado juu, kwa kawaida ile ile ungepandia. Shuka moja moja, usiruke. Ile gazi kidogo ni kwa kuharakisha motere ilingane na magurudumu. Usipoipiga, gari inashtuka, na kwenye matope inaweza kuteleza.

Tena sikubakiza kitu. Motere ya mazutu, gari ikishuka ndani ya vitesi na mguu hauko kwenye gazi, haili karibu kitu. Na plaketi mpya za freni nilizilipa mwenyewe.

Tulikuwa tumeomba kabla ya kutoka, na kwa moyo. Lakini vitesi nilizitoa kwa mkono wangu.

Kijana unayejifunza kuendesha, na wewe mama unayeketi kando ya shofere: akitoa vitesi kwenye mteremko, mwambie. Usione haya.