Imbwa ya kengele ya muti

"Musenji" ni neno la matusi. Wakati wa Wabelgiji, mutu aliyesoma na kuvaa viatu hakutaka hata kidogo kuitwa hivyo. Basenji walikuwa wale wa kijijini, wenye kutojua "maendeleo". Hata leo, ukimuita mutu musenji pale sokoni, mutagombana. Lakini ku Ulaya na Marekani, "basenji" ni jina la imbwa, tena imbwa ya bei kali, yenye vyeti na yenye kupewa medali.

Imbwa hiyo ni yetu. Ni ile ndogo ya kuwinda: masikio wima, mikunjo kwenye paji la uso, mukia wa kujizungusha juu ya mugongo. Haibweki sawa imbwa zingine. Inatoa sauti karibu ya kuimba. Ikiwa kazini inanyamaza, njo maana wazee waliifunga kengele ya muti shingoni, ili muwindaji ajue iko wapi ndani ya majani. Mujerumani Schweinfurth, aliyepita kwa Wazande na Wamangbetu karibu na mwaka 1870, aliandika juu ya kengele hizo.

Ninaileta hapa kwa sababu ya ulizo moja: imbwa nzuri ni ipi, na nani anaipima?

Waingereza walikuwa na jibu lao. Imbwa za kwanza zilionyeshwa kule London mwaka 1895, zikafa na ugonjwa. Katika miaka ya 1930 bibi Olivia Burn alifaulu kuleta zingine kutoka Kongo. Kisha wakaandika kipimo: dume sentimita 43 na kilo 11, jike sentimita 40 na kilo 9 na nusu, rangi hizi zinakubaliwa, zile hapana. Wakafungua kitabu cha ukoo, halafu wakakifunga: mutoto haandikwi kama baba na mama hawakuandikwa. Kwa macho, kazi ilikuwa safi.

Lakini damu ilikuwa kidogo. Imbwa zote hizo zilitoka kwa wazazi wachache, na ndugu wakazidi kuzaa na ndugu. Ukatokea ugonjwa wa kukosa damu. Wafugaji wakapima, wakatoa katika uzazi hata imbwa zenye afya, paka kwa sababu zilibeba mbegu ya ugonjwa ule. Waliushinda, lakini ukoo ukazidi kuwa mwembamba. Kisha ukaongezeka ugonjwa mwingine, ule wa Fanconi: figo zinaacha sukari na chakula kingine cha mwili vipotee katika mukojo. Nao unaonekana wakati imbwa imekwisha kuwa mukubwa, mara nyingi imekwisha kuzaa. Ni kusema, muzazi anarizisha ugonjwa mbele ajijue kuwa mugonjwa.

Walifanya nini? Walirudi kwetu. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani wachache walikuja Zaïre, wakafika mpaka kwa Wazande kaskazini-mashariki, wakachukua imbwa za vijijini. Mwaka 1990 kitabu cha Marekani kikafunguliwa kwa ajili yao. Hata rangi ya milia, yenye kipimo cha Marekani hakikuijua, ikakubaliwa. Wakaziita imbwa hizo Avongara, jina la ukoo wa watawala wa Wazande! Kutoka musenji mpaka jamaa ya mufalme, na imbwa yenyewe haikubadilika hata unywele moja.

Mwaka 2007 kulitokea kipimo cha mbegu ya ugonjwa wa Fanconi, na mwaka 2011 kingine cha hakika zaidi. Sasa mufugaji muangalifu anaweza kuzalisha imbwa yenye kubeba mbegu hiyo pamoja na yenye haiko nayo: hakuna mutoto atakayegonjwa, na damu haitupwi. Hii ninaiita adabu ya ufugaji, na waliijifunza kwa bei kubwa.

Wazee wetu hawakupima sentimita. Wawindaji niliowauliza kwetu walitaja mambo mengine: pua, moyo, miguu isiyochoka, kutomuuma mutoto wa nyumbani, kutokula kuku wa jirani. Imbwa yenye kazi iliombwa mbegu na vijiji vya mbali, na njo hivyo damu ilitembea. Tusiwasifu bila kuwaza: imbwa nyingi zililala njaa, na watoto wa imbwa walikufa wengi. Lakini kipimo chao kilikuwa kazi, na kazi haidanganyi sawa sura.

Kuna jambo lingine. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walilinganisha damu ya aina 85 za imbwa, wakaona basenji katika kikundi kidogo kilicho karibu zaidi na mbwa-mwitu wa Ulaya na Asia. Tena jike wake anatafuta dume mara moja kwa mwaka, sawa mbwa-mwitu. Wengine wanapenda kuiuza kwa sifa hiyo, kana kwamba ni nyama ya pori. Hapana. Imbwa hii ililala karibu na moto wa mama zetu. Mutu akichagua ukali juu ya kupendeza wanunuzi, anaharibu kile wazee walichojenga.

Leo katika karatasi ya shirika la kimataifa la imbwa imeandikwa: asili, Afrika ya Kati, mulezi, Uingereza. Siwezi kuwakasirikia Waingereza, wao waliandika. Siye hatukuandika. Na vita tangu 1996 vilisukuma watu mbali na vijiji vyao, na barabara zinaleta imbwa za mujini, zenye kuchanganyika na zile za zamani.

Basi tufanye yale yaliyo mikononi mwetu. Tuwaulize wazee wawindaji majina ya imbwa zao bora, na kwa nini walizichagua, tuandike. Tuzichanje juu ya kichaa cha imbwa. Mugeni akija kununua, tusimuuzie dume na jike bora za kijiji siku moja. Na imbwa hiyo tuendelee kuiita kwa jina la kila lugha yetu. Ile ya musenji tuwaachie wenyewe.